Hadhi ya Zanzibar: Hati Bila ya Shahidi

 

 Ndugu zangu Waislamu, limekuwa ni jambo la kawaida kuwasikia baadhi ya makhatibu wetu wakisema juu ya minbari kuwa hadhi ya Zanzibar ndani ya Jamhuri ya Muungano ni mambo ya wanasiasa, na kuwa Muislamu anayeihifadhi dini yake hana haja ya kujiingiza humo. Husemwa hivyo kwa sauti ya unyenyekevu, na wasikilizaji wakatikisa vichwa. Neno hili si sahihi, na mwenye kulisema hajajiuliza ni kitu gani hasa kinachomweka Kadhi wake juu ya kiti chake.

Tuchukue mfano ulio karibu. Mama amefiwa na mumewe huko Micheweni, na ndugu wa mume wanamzuilia haki yake ya mirathi. Anakwenda kwa Kadhi. Kadhi huyo ni hakimu wa serikali, anahukumu kwa Sheria ya Kiislamu, na hukumu yake ina nguvu ya dola nyuma yake. Tena shauri lake, hata likikatiwa rufaa mara ngapi, halivuki bahari kwenda katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 imeyatoa katika mamlaka ya Mahakama hiyo mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Yanamalizikia hapa hapa. Ndugu zetu wa Tanzania Bara wamekuwa wakiidai Mahakama ya Kadhi yenye nguvu za kisheria kwa miaka mingi, na wanajua walivyojibiwa. Tofauti iliyopo baina ya mama wa Micheweni na mama wa Tanga haikuletwa na uchamungu wa watu wa Micheweni. Imeletwa na mstari mmoja wa kikatiba, unaosema kuwa mahakama za Zanzibar, wakfu, Kadhi na Mufti si mambo ya Muungano.

Basi anayesema kuwa mstari huo haumhusu Muislamu na atueleze ni kitu gani kinachomhusu.

Wengine wamesahau yaliyotokea mwaka 1992 na 1993. Mwishoni mwa 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Kukazuka kelele katika Bunge, ikasemwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano na Zanzibar haina mamlaka ya kujiunga na jumuiya ya kimataifa, na mwezi wa Agosti 1993 ikajitoa. Wakati huo ilielezwa kuwa Jamhuri ya Muungano yenyewe itaangalia uwezekano wa kujiunga. Uganda, ambayo Waislamu wake ni wachache, imo tangu 1974, na Msumbiji iliingia mwaka 1994. Tanzania hadi leo haimo. Ni nani aliyeamua kuwa Zanzibar imevuka mpaka? Bunge. Je, Bunge ni mwamuzi au ni upande mmoja wa wagombanao? Swali hili ndilo tunalotaka kulishughulikia katika makala haya, kwani ndilo shina, na mengine yote ni matawi.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haizungumzii Sala wala Hija. Ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo inazungumzia kuandikiana madeni. Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha humo kuwa deni la muda liandikwe, kuwa mwandishi aandike kwa uadilifu, kuwa atakayetoa maneno ya kuandikwa ni yule ambaye haki iko juu yake, naye amche Mola wake wala asipunguze kitu, kuwa washuhudishwe mashahidi, kuwa watu wasichoke kuandika, likiwa dogo au kubwa, na kuwa asidhuriwe mwandishi wala shahidi. Mafaqihi wengi wameona kuwa amri ya kuandika hapa ni ya mapendekezo na si ya wajibu, na aya yenyewe imeteremka juu ya mali. Lakini hakuna mwenye akili atakayesema kuwa deni la pishi tatu za mchele linahitaji mwandishi na mashahidi, na deni la mamlaka ya watu wa visiwa vizima halihitaji.

Tuitazame basi hati yetu kwa macho ya aya hii.

Mkataba wa Muungano ulitiwa saini hapa Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume. Bunge la Tanganyika liliuridhia tarehe 25 Aprili, na tarehe 26 Muungano ukawa. Je, Baraza la Mapinduzi liliuridhia kwa upande wa Zanzibar? Hilo linabishaniwa hadi leo, na kule kubishaniwa kwenyewe, zaidi ya miaka 60 baadaye, ni ushahidi wa kutosha juu ya namna hati ilivyohifadhiwa. Wananchi hawakuulizwa kwa kura upande wowote. Mkataba ulitaja mambo 11 yatakayokuwa chini ya Muungano: katiba na serikali ya Muungano, mambo ya nje, ulinzi, polisi, hali ya hatari, uraia, uhamiaji, biashara ya nje na mikopo, utumishi wa Muungano, kodi ya mapato pamoja na ushuru, na bandari pamoja na usafiri wa anga, posta na simu. Yaliyobaki yote yakawa ya Zanzibar kwa Zanzibar.

Leo fungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 uhesabu. Utakuta 22. Sarafu na mabenki viliingia mwaka 1965. Mafuta na gesi asilia viliingia 1968. Elimu ya juu ikaingia, takwimu zikaingia, Mahakama ya Rufani ikaingia, na mwaka 1992 ukaingia uandikishaji wa vyama vya siasa. Sisi hatusemi kuwa kila nyongeza ilikuwa ni dhulma. Baadhi yake zilifuata kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na zina maelezo yake. Tunachouliza ni kile kilichoulizwa na aya: ni nani aliyeshika kalamu, na ni nani aliyetoa maneno? Orodha ya mambo 11 imekuwa 22, na haikuwahi hata siku moja kupelekwa mbele ya watu wa Zanzibar wakaambiwa: haya ni yenu, je mnaridhia yaondoke?

Na si orodha pekee. Mkataba wa 1964 uliweka wazi kuwa mkuu wa serikali ya Zanzibar atakuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Sharti hilo lilidumu miaka 30. Mwaka 1994, kwa Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, likaondoka, ukaja utaratibu wa mgombea mwenza, na Rais wa Zanzibar akabaki kuwa mjumbe katika Baraza la Mawaziri la Muungano. Mtu anaweza kusema kuwa mfumo wa vyama vingi ulilazimisha hivyo. Huenda. Lakini sharti la mkataba halifutwi na upande wenye wabunge wengi. Linajadiliwa upya na wale walioliweka.

Sasa tuje katika neno ambalo limewapumbaza wengi wetu, nalo ni neno "nchi".

Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alisema Bungeni kuwa Zanzibar si nchi. Visiwa vilichafuka. Vijiweni, misikitini, katika Baraza la Wawakilishi, watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Agosti 2010, Baraza la Wawakilishi likapitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar na likaandika kuwa Zanzibar ni nchi, na ni moja kati ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Watu wakashangiria, na wapo hadi leo wanaodhani kuwa siku ile suala lilikwisha.

Halikwisha. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kuwa Tanzania ni nchi moja. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Zanzibar inasema kuwa Zanzibar ni nchi. Lugha moja, neno moja, vitabu viwili, na kila kimoja kinadai kuwa ni sheria kuu mahali pake. Wanafunzi wa lugha wanajua kuwa Kiswahili kimelibebesha neno hili mizigo mingi: bilad, iqlim na dawla vyote sisi twaita nchi. (Neno letu "dola" ndilo hilo hilo dawla la Kiarabu, na asili yake ni kitu kinachozunguka mikononi mwa watu, wenye kushika dola wangelitafakari hilo.) Mabishano ya kuwa Zanzibar ni nchi au si nchi, kwa hiyo, yanaweza kuendelea hadi Kiyama, na kila upande ukawa na kamusi yake.

Linalouma ni kuwa mahakama ilikwisha kusema kitu, na kilisemwa katika kesi ambayo wengi waliishangiria bila ya kuisoma. Ni ile kesi ya uhaini iliyowakabili Machano Khamis Ali na wenzake 17 wa Chama cha Wananchi, CUF. Tarehe 21 Novemba 2000 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kosa la uhaini haliwezi kufanywa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa uhaini hufanywa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na Zanzibar peke yake si dola ya namna hiyo. Washitakiwa 18 walikaa mahabusu kwa miaka, na tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuachiwa kwao. Lakini tazama ajabu ya hukumu hii: watu waliotuhumiwa kwa kuitetea Zanzibar walipewa haki kwa hoja kuwa Zanzibar haina dola ya kuasiwa, na serikali iliyojidai kuilinda Zanzibar ndiyo iliyoipeleka mahakamani ikarudi bila ya hadhi hiyo.

Neno la mwaka 2010 halikuifuta hukumu hiyo, wala Katiba ya Muungano haikubadilishwa ili ilingane nalo. Ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar inasema kuwa sheria ya Bunge haitatumika Zanzibar isipokuwa iwe ni ya mambo ya Muungano, na waziri anayehusika aiwasilishe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Ni ibara nzuri. Lakini ni upande mmoja unaojiandikia risiti.

Wapo watakaosema kuwa tunakuza mambo, na kuwa kero za Muungano zinatatuliwa na kamati ya pamoja ya serikali mbili. Kwanza hilo neno "kero" lenyewe. Mbu ni kero, moshi wa kuni ni kero. Mamlaka iliyochukuliwa na mwenzako haiwi kero, huwa ni haki inayodaiwa. Pili, tuangalie namna inavyotatuliwa. Mafuta na gesi, kwa mfano. Baada ya miaka mingi ya malalamiko, Sheria ya Petroli ya 2015 iliyopitishwa na Bunge ilieleza kuwa mambo ya petroli ya Zanzibar yatasimamiwa na taasisi za Zanzibar kwa sheria za Zanzibar, na Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake mwaka 2016. Watu wakapongezana. Lakini Nyongeza ya Kwanza ya Katiba bado inayataja mafuta na gesi asilia kuwa ni mambo ya Muungano, kama ilivyokuwa. Maana yake ni kuwa tumeruhusiwa kwa sheria ya kawaida kitu ambacho Katiba inasema si chetu. Siku Bunge litakapobadilisha mawazo, litahitaji kura za wingi wa kawaida tu, mchana mmoja. Mafaqihi wanatofautisha baina ya ariya, kitu ulichoazimwa, na milki. Mwenye kuazima analima shamba, lakini hapandi minazi.

Kwa uadilifu, tuseme pia lililo upande wa pili. Katiba ya Muungano haikuiacha Zanzibar uchi. Ibara ya 98 imeweka kuwa baadhi ya mambo, ikiwemo mamlaka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar na orodha ya mambo ya Muungano, hayabadilishwi mpaka yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Bara na theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Zanzibar. Hii ni kufuli, na anayesema kuwa hakuna kufuli anadanganya. Ila ufunguo wa Zanzibar umewekwa Dodoma. Wameshikishwa wabunge, ambao wanakaa katika vikao vya vyama vyao, na chama kikikata shauri mbunge anafuata au anapoteza kiti. Uandikishaji wa vyama uliingia katika orodha mwaka 1992 kwa njia hiyo hiyo, katika Bunge la chama kimoja. Baraza la Wawakilishi halina sauti katika ibara ya 98, na mwananchi wa Zanzibar hana kura.

Mwaka 2014 tuliona kufuli hiyo inavyofanya kazi. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilileta rasimu ya serikali tatu na ikapunguza mambo ya Muungano hadi 7. Bunge Maalumu lilipokutana Dodoma, likaigeuza rasimu kuwa ya serikali mbili, wajumbe wa upinzani wakatoka, na kura za Wazanzibari zikahesabiwa huko huko. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wa wakati huo, Othman Masoud Othman, alizipigia kura ya hapana baadhi ya ibara. Siku chache baadaye hakuwa tena Mwanasheria Mkuu. Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika.

Irudie aya: asidhuriwe mwandishi wala shahidi.

Sasa tufike kwenye mahakama, kwani wengi wa wasomaji wetu hawajui kuwa ipo. Ibara ya 125 hadi ya 128 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano zimeunda Mahakama Maalumu ya Katiba. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kusikiliza mgogoro juu ya tafsiri ya Katiba baina ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na kuutolea uamuzi wa suluhu. Nusu ya wajumbe huteuliwa na upande huu na nusu na upande huu. Uamuzi unahitaji theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande, na ukishatolewa hauna rufaa. Kwenye karatasi, hii ndiyo taasisi aliyoikusudia kila mwenye kusema kuwa Zanzibar ina hadhi yake. Lakini haina jengo, haina majaji wa kudumu, haina hata karani wa kupokea barua; huundwa pale tu mgogoro unapopelekwa, na aliye na haki ya kuupeleka ni serikali peke yake, si raia wala Baraza. Haijawahi kukaa.

Aliyewahi kukusudia kuipelekea shauri ni mmoja, naye ni Mzee Aboud Jumbe, Rais wa pili wa Zanzibar. Alitayarisha hati ya kupeleka mbele ya Mahakama hiyo suala la muundo wa Muungano. Hati iligundulika kabla haijapelekwa, akasimamishwa mbele ya kikao cha Halmashauri Kuu ya chama huko Dodoma mwezi wa Januari 1984, na akatoka katika kikao hicho akiwa amejiuzulu nyadhifa zake zote. Mwaka 1994 alichapisha kitabu juu ya miaka 30 ya Muungano, na alifariki mwaka 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtu aliyetaka kutumia mlango uliofunguliwa na Katiba yenyewe alihesabiwa kuwa msaliti. Tangu siku ile hakuna aliyegusa kitasa.

Na asiyekuwa na mahakama ya kumwamulia mipaka yake hujikuta anaamuliwa katika mahakama za wengine. Masheikh wa Jumuiya ya Uamsho walikamatwa hapa Zanzibar, ambako kuna Mahakama Kuu isiyo ya Muungano. Mwaka 2014 wakafikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa mashitaka ya ugaidi. Mashitaka yalifutwa mwezi wa Juni 2021 bila ya kutolewa hukumu, na wakarudi kwa watoto waliokuwa wamekwisha kukua. Uwe uliafikiana nao au hukuafikiana nao, suala la kuwa washitakiwe wapi lilikuwa ni suala la hadhi ya Zanzibar, na Mahakama iliyoundwa kwa ajili ya masuala kama hayo haikuitwa.

Tusidhani kuwa jambo la eneo lenye mamlaka ya ndani katika dola moja ni kitendawili kisichoteguliwa. Mabingwa wa sheria wa Kiarabu wanaliita hukm dhati, na limeandikwa sana. Kusini mwa Ufilipino, ndugu zetu wa Mindanao waliahidiwa mamlaka ya ndani katika Mkataba wa Tripoli wa 1976, na Katiba ya nchi hiyo ya 1987 ikalitaja eneo la Waislamu wa Mindanao kwa jina. Ahadi ilikwenda na kurudi kwa miaka 40 yenye damu nyingi, hadi sheria ya Bangsamoro ya 2018 na kura ya maoni ya 2019. Wakazi waliulizwa, mkoa kwa mkoa. Mkoa wa Sulu ulisema hapana, ukaingizwa hata hivyo, na mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo ikautoa, kwa hoja kuwa watu wake hawakuridhia. Hukumu hiyo iliwauma wengi, kwani Sulu ndipo palipokuwa na usultani wa kale wa Kiislamu. Lakini angalia kilichowashinda: kura ya wenyewe, na hakimu aliyeisoma.

Mfano ulio bora zaidi hauko kwa Waislamu, na hikima ni kitu kilichompotea Muumini, popote aikutapo ana haki nayo. Visiwa vya Åland vina watu wapatao 30,000. Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina watu 1,889,773. Visiwa hivyo vimo ndani ya Ufini, ambayo ni dola moja na si shirikisho, na watu wake wanasema Kiswidi. Mwaka 1921 Baraza la Shirikisho la Mataifa liliamua kuwa vibaki Ufini kwa masharti ya kulindwa lugha, ardhi na desturi za wenyeji. Huyo ndiye shahidi. Sheria ya mamlaka yao haibadilishwi na Bunge la Ufini peke yake, hata liwe na kura zote. Lazima Bunge la visiwa lenyewe, likikaa huko huko visiwani, liridhie kwa theluthi mbili. Ufunguo uko mkononi mwa mwenye nyumba. Tena kuna chombo cha kudumu chenye wajumbe wawili kutoka kila upande na mwenyekiti, kinachotazama sheria za visiwa kama zimevuka mpaka, na penye shaka Mahakama ya Juu hutoa maoni yake. Hakuna anayewaita wahaini kwa kukitumia. Ufini haijavunjika, na watu wa Åland hawabishani usiku kucha kama wao ni nchi au si nchi.

Hili la mwisho lina asili katika Sira. Walipokaa Hudaybiya mwaka wa sita wa Hijra, Suhayl bin Amr alikataa kuandikwa cheo cha Utume katika hati. Sahaba waliona uzito mkubwa, na Sayyidna Ali (R.A.) hakuweza kulifuta neno kwa mkono wake. Mtume (S.A.W.) alikubali liandikwe jina lake na la baba yake. Aliliacha neno, ambalo ni la haki kuliko neno lolote la "nchi" tunalolipigania sisi, akashikilia masharti, na hati ikashuhudiwa na watu wa pande zote mbili. Kabla ya hapo, katika hati ya Madina, kila kabila liliachiwa mambo yake ya ndani ya diya na fidia, na Mayahudi wakaachiwa dini yao, na ndani ya hati ile ile akatajwa mwamuzi wa kurejewa wakihitilafiana. Hati haikuachwa bila ya mwamuzi kwa kuwa watu walikuwa wanapendana.

Tunajua tutakaloambiwa: kuwa kudai mwamuzi ni kutaka kuvunja Muungano. La hasha. Wanaoandikiana ni wale wanaotaka kuendelea kushirikiana; anayetaka kuondoka hana haja ya karani. Na waliosema kwa miaka yote kuwa udugu unatosha na maandishi hayahitajiki, mbona wao hawakuacha hata jambo moja kati ya yale 22 bila ya kuliandika?

Kwa hiyo, siku mchakato wa Katiba utakapofufuliwa, na utafufuliwa, tusirudi kwenye ugomvi wa serikali mbili au tatu kama tulivyofanya 2014, tukapoteza mwaka mzima kwa kuhesabu. Serikali tatu bila ya mwamuzi zitagombana kama mbili. Tuulize kwanza ridhaa ya Zanzibar itatolewa wapi: Dodoma kwa amri ya chama, au katika Baraza la Wawakilishi na kwa kura ya wananchi wake? Tuulize kama Mahakama Maalumu itakuwa na majaji, ofisi na mlango ambao raia na Baraza wataweza kuubisha, si serikali mbili za chama kimoja peke yake. Tuulize kama kifungu cha mafuta kitatoka katika Nyongeza, na kama Mahakama ya Kadhi itaandikwa katika hati ambayo upande mmoja hauwezi kuifuta.

Na maimamu wetu, ambao hupata fursa ya kukaa na mgombea kila baada ya miaka mitano anapokuja kuomba dua, wana jambo jepesi la kufanya. Wamfungulie ibara ya 126, wamwombe aisome kwa sauti, kisha wamuulize ni lini atapiga kura ili Mahakama hiyo ikae.

Wabillahi tawfiq.